Mtihani wa Maharagwe

Juzi sokoni Tawa niliona pakiti ya mbegu za maharagwe yanayovumilia ukame, nikacheka peke yangu mpaka muuzaji akashangaa.

Nilikuwa darasa la pili wakati mtafiti aliyeitwa Bi Ndunge alipopanda maharagwe shambani kwetu, mistari sita, kila mmoja na kibao chenye nambari. Alimwambia mama kwamba ni majaribio. Neno hilo nililijua kutoka shuleni, basi niliamini maharagwe yanafanya mtihani, na yakianguka yatachapwa.

Mvua ilikatika mapema. Mstari wa nne ulinyauka kabla ya mingine, nikauhurumia. Kila jioni niliumwagia kwa siri maji yangu ya kuoga, na udongo ulinukia vizuri kama mvua imerudi.

Alasiri ya ukaguzi jua lilikuwa kali, maganda makavu yakipasuka. Bi Ndunge alifika kwenye mstari wa nne akapiga makofi.

"Mama Mwende, mbegu ni hii! Tutaipeleka Makueni yote!"

Nikaanza kulia. "Hiyo iliiba mtihani! Mimi nilikuwa naipea maji yangu ya kuoga."

Bi Ndunge alifuta alama kwenye daftari, akachuchumaa akanishika mkono. "Asante kwa kusema. Watu wangeipanda hiyo walale njaa."

Ulioshinda ni mstari wa pili, mfupi, wenye vumbi, ambao sikuwahi kuutazama.

Mama alikuwa bado ananikagua kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Kumbe wiki tatu hizi hujaoga?"