Kanuni ya Kiajemi ya Baba

Harufu ya mkate unaoiva kwenye ukuta wa tanuri ndiyo iliyokuwa ikiniamsha kule Al Mansoura, mtaa wa Doha. Tulipanga vyumba viwili juu ya duka la Aga Rasuli, Mwajemi mwoka mikate mwenye nyusi nzito zilizojaa unga, na harufu ya ufuta ulioungua ilipanda hadi kwetu hata tukifunga madirisha yote. Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, nina umri wa miaka kumi na mmoja, na shule zimefungwa kwa likizo ndefu ya joto. Joto la Doha msimu huo halina mchezo. Ukitoka nje saa nne asubuhi nguo inakuganda mwilini kabla hujafika kona, kwa hiyo mtoto hana pa kwenda ila ngazini na sebuleni. Ndiyo maana nikiikumbuka likizo ile nakumbuka sebule, zulia letu la rangi ya damu ya mzee, na sanduku la mbao lenye nyuzi ambalo Baba alilileta Jumatano moja, akalitua chini taratibu huku akitabasamu peke yake.

Baba alikuwa fundi wa viyoyozi katika hoteli moja, lakini ukimwuliza yeye ni nani angekwambia ni mpiga fidla. Alianza kupiga Unguja akiwa kijana, na hapa Doha yeye na Wazanzibari wenzake walikuwa na kikundi kidogo cha taarabu kilichokuwa kikialikwa kwenye harusi na sikukuu. Walikuwa na fidla, udi, dumbaki, kinanda cha umeme, na Bi Zuhura, mwimbaji mwenye sauti tamu na ulimi mkali. Kanuni hawakuwa nayo, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani na kudonolewa kwa pete zinazovaliwa vidoleni, na kwa Baba taarabu bila kanuni ilikuwa pilau bila bizari. Basi mtu mmoja aliyekuwa akihama nchi akamwonyesha sanduku la nyuzi kwenye maegesho ya magari, jua la saa saba likiwaka. Baba akalitupia jicho mara moja, akalichukua, na kabla hajafika nyumbani alikuwa ameshawapigia simu wenzake wote kwamba kanuni imepatikana.

Alilifungua sebuleni. Nyuzi zilikuwa za chuma, zimefungwa nne nne, na chini yake vimesimama vidaraja vidogo vya mbao kama kete za dama. Hapakuwa na ile ngozi inayowambwa upande mmoja wa kanuni, wala vile vilimi vya shaba ambavyo mpiga kanuni huviinua na kuvishusha ili abadilishe sauti katikati ya wimbo. Mama alikuwa mlangoni na mwiko wake mkononi. Alilitazama, akamtazama mumewe, akasema, "Baba Salma, mbona hii siyo?" Baba hakugeuka. "Hii ni kanuni ya Kiajemi," akasema. Kuanzia hapo ikawa hivyo, na nadhani alijua ukweli pale pale, ila simu zilikuwa zimeshapigwa.

Katika kikundi hakuna aliyetaka kuishika, kwa hiyo nikatwishwa mimi. Sitadanganya, nilifurahi mno. Mwisho wa likizo kulikuwa na harusi ya mpwa wa Bi Zuhura, na Baba aliniahidi kwamba nikijua kupiga nitakaa jukwaani karibu naye. Hilo ndilo nililolitaka kuliko nguo mpya, kuliko safari ya Unguja. Nilitaka Baba asikie kitu kutoka mikononi mwangu akageuza shingo. Akanivalisha pete, akaniambia nidonoe. Nikadonoa. Pete zilinasa kati ya nyuzi, vidole vikachanika, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu anayekwangua sufuria. "Unaichezea," Baba alikuwa akisema kila akirudi kazini. "Tia bidii, mwanangu." Nilitia bidii mpaka nikawa nakula kwa kijiko, maana chumvi iliniwasha vidonda. Nikikumbuka yale maneno ya bidii hasira bado hunipanda, kwa sababu hakuna bidii duniani ambayo ingelifanya sanduku lile liwe kanuni.

Aga Rasuli ndiye aliyeziona plasta vidoleni nilipokwenda kununua mkate. Alizungumza Kiarabu cha dukani na mimi Kiarabu cha shule, tukaelewana. Nilipomweleza kisa changu aliacha wateja, akapanda ngazi na mikate mikononi, akaomba ruhusa kwa Mama na kusimama mlangoni. Akaliona sanduku juu ya zulia. "Hii santur," akasema, kwa sauti ya upole kama anayetoa taarifa ya msiba. "Haidonolewi, binti. Hii inagongwa." Siku mbili baadaye aliniletea vijiti viwili alivyovichonga mwenyewe, vyepesi, vimepinda nchani na kuzungushiwa vitambaa. Akanionyesha namna ya kuvibana kati ya vidole na kuviacha viruke vyenyewe. Niligonga mara moja tu, na chumba kizima kikaitika. Mama akaacha kukuna nazi.

Jioni ile nikamwambia Baba. "Aga Rasuli kasema inapigwa kwa vijiti." Baba alikuwa anavua soksi. "Aga Rasuli aoke mikate," akajibu, na mazungumzo yakaishia hapo. Basi nikawa na maisha mawili. Asubuhi Baba akishatoka nilifundishwa na Aga Rasuli, yeye akiwa ngazini kwenye baridi ya mlango ulio wazi, Mama akijifanya hasikii huku kichwa chake kikifuata mapigo. Jioni nilivaa pete na kuchechemea mbele ya Baba. Kazi kubwa haikuwa kupiga, ilikuwa kulinganisha nyuzi. Zilikuwa sabini na mbili, na kila nne zilitakiwa ziseme neno moja. Kiyoyozi kikiwashwa zinakaza, kikizimwa zinalegea, na hewa ya chumvi ikiingia zinaharibika zote pamoja. Siku nyingine nililinganisha tangu asubuhi hadi adhuhuri, nikagonga dakika tano, nikarudi kulinganisha. Nililia kwa hasira zaidi ya mara moja, na mara moja niliupiga teke mguu wa meza nikavimba kidole.

Ukubwani nimesoma kuhusu ala ile, na kila nilichosoma kimeniongezea uchungu. Ina ndugu kila mahali. Iko Baghdad, iko Kashmir, Wachina wanapiga yao kwa vijiti vya mianzi, na huko Ulaya ya mashariki hakuna harusi ya kijijini iliyokamilika bila mtu wa kugonga nyuzi hadi watu wachoke kucheza. Ni ala ya watu wa kawaida, ya masokoni na ya ngoma za mavuno, na kote ilikofika watu waliipa jina lao na kuifundisha nyimbo zao. Ingeweza kujifunza zetu pia. Ilifika kwetu kabisa, mpaka juu ya zulia letu, ikakuta imeshapewa jina la mwenzake na kazi ya mwenzake.

Siku ya harusi, Baba alikaa nami asubuhi nzima kulinganisha nyuzi kwa fidla yake. Ile ndiyo asubuhi nzuri kuliko zote za likizo ile. Nilimweleza kwamba santur, nilivyoiita kwa mara ya kwanza mbele yake, haina vilimi, kwa hiyo ukishaiweka kwenye maqamu moja, yaani mpangilio mmoja wa sauti, huwezi kuhamia mwingine bila kukaza nyuzi upya. Hakunikemea. "Najua," akasema. "Leo nyimbo zote tunapiga kwa maqamu ya Rasti. Nimeshawaambia wenzangu. Wewe weka Rasti, usiwe na wasiwasi." Nikaweka Rasti.

Ukumbi ulikuwa Abu Hamour, na shughuli ilianza baada ya Alasiri, wanawake wamejaa mpaka ukutani, udi unafukizwa, watoto wanapita chini ya viti. Nilikaa karibu na Baba nikiwa na pete vidoleni. Wimbo wa kwanza ulipoanza nilidonoa kidogo, sikujisikia hata mwenyewe. Ubeti wa pili ulipofika nikavua pete, nikachukua vijiti nilivyokuwa nimevificha chini ya mtandio, nikagonga. Nyuzi zilikubali. Wale wa mbele wakainuka kwenda kutunza, mpiga dumbaki akanicheka kwa furaha, na Baba akageuza shingo. Hilo nililipata, siwezi kusema sikulipata. Alinitazama na macho yake yalikuwa yamelowa.

Tulipomaliza, vigelegele vikatulia na Bi Zuhura akasema kwenye kipaza sauti, "Khaa! Jamani, kanuni gani hii inapigwa kwa fimbo?" Watu wakacheka vizuri tu, bila ubaya. Kisha bibi mmoja mgeni wa bwana harusi, aliyeishi miaka mingi Basra, akapaza sauti kutoka nyuma: "Hiyo si kanuni, mwanangu! Hiyo santur! Nani kawauzia?" Sasa walicheka kwelikweli. Mpiga udi alicheka mpaka akainamia udi wake. Nami, mjinga mimi, nilicheka pia. Niliona tu upinde wa Baba ukipanda, nikasikia fidla ikianza wimbo wa pili. Ilikuwa Hijazi, maqamu nyingine kabisa.

Nilidhani amekosea. Nilijaribu kugonga na nyuzi zikapiga kelele ya ugomvi, nikaacha haraka. Bi Zuhura alimgeukia, "Si tulisema Rasti?" lakini fidla haikusimama, naye akaufuata wimbo kama mtu wa kazi. Mimi nikamsubiri Baba anitazame. Alikuwa amefumba macho, anapiga vizuri mno. Wimbo wa tatu nao haukuwa Rasti, na ule uliofuata pia, mpaka mwisho. Nilikaa pale mbele ya watu wote, vijiti mapajani, nikitabasamu kwa sababu nilikuwa msichana wa jukwaani na wasichana wa jukwaani hutabasamu. Tukarudi nyumbani. Santur ikawekwa juu ya kabati, na shule zikafunguliwa.

Leo nafanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja Lusail, kwenye mji ambao nilipokuwa mtoto ulikuwa mchanga mtupu. Baba amestaafu na amerudi Unguja. Vijana wa taarabu wa siku hizi wanachanganya kila ala, hakuna anayewauliza kwa nini, nao humtembelea kumsikiliza. Huwa ananipigia kwa video ili wanione. "Huyu ndiye Salma," anawaambia. "Mimi ndiye niliyeiingiza santur kwenye taarabu, huko Doha. Nilimpa vijiti binti yangu, ukumbi mzima ukasimama." Vijana wanapiga makofi, mimi napunga mkono. Sijawahi kumsahihisha kuhusu vijiti, na hata sanduku nimemsamehe zamani, yeyote angeweza kukosea katika jua lile. Kinachonikera ni kwamba kila anaposimulia harusi ile, ina wimbo mmoja tu. Zilikuwa saba, Baba. Nilikuwa nimekaa pembeni yako, nilizihesabu.