Kilo Sita za Fundi Bobini

Mtaa wa mafundi nguo huamka na kelele. Ikifika saa mbili asubuhi vyerehani vinaanza kulia kila upande, na havinyamazi mpaka jua lizame. Kikinyamaza kimoja kabla ya wakati, mwenye nacho anatoka mlangoni, anaweka mikono kiunoni na kumwita Fundi Bobini.

Fundi Bobini hakujua kushona. Vifungo vya mashati yake alishonewa na wateja. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vyerehani vinavyogoma, vile vinavyokata uzi, vinavyoruka mshono au vinavyokunja kitambaa kama vina kisa na mwenyewe. Alikuwa na kachumba ka kupanga, meza iliyolowa oili na makopo ya skrubu yaliyopangwa kwa ukubwa. Mfukoni hakukosa bobini mbili tatu, vile vigurudumu vya uzi wa chini wa cherehani, hata akienda msibani. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu.

Ngiri ilimpata siku alipoinua peke yake kichwa cha cherehani cha kiwandani kwa sababu hakuwa na subira ya kungoja msaada. Aliona kitu kimechomoza chini ya tumbo, akakificha kwa mkanda. Mafundi walipojua, wakamtania kwamba anafuga ngiri mjini bila kibali. Alicheka nao. Lakini maumivu yalipozidi alikwenda hospitali, na huko mizani ikasema kilo arobaini na nane.

Daktari alikuwa kijana, ila hakuwa na maneno mengi. Alimweleza kwamba damu yake ni ndogo na mwili umeisha, na mtu wa namna hiyo akipasuliwa, kidonda hakitakuwa na cha kujijengea. Akampa miezi mitatu arudi na kilo hamsini na nne. Akamwonya pia kwamba utumbo ukinaswa kwenye ngiri kabla ya hapo, hakutakuwa na nafasi ya kuulizana kilo.

Kilo sita. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa agizo tamu. Kwa Fundi Bobini lilikuwa kama kuambiwa akahamishe kilima. Tumbo lake halikuwa na ugonjwa mwingine wowote. Shida ni kwamba mkewe alikuwa amefariki mwaka mmoja na nusu uliopita, na kwa miaka thelathini ndiye aliyemletea chakula cha mchana pale kachumbani, akakaa kwenye stuli na kumsubiri amalize. Tangu azikwe, chakula kilikuwa kimeacha kuwa chakula. Akiona maharage, alimwona marehemu akiyachambua. Akisikia harufu ya vitunguu vikikaangwa, aligeuka kutazama mlango. Tonge la tatu halikupita. Akawa anaishi kwa chai.

Binti yake, mwalimu wa shule ya msingi aliyeolewa upande wa pili wa mji, hakuyajua hayo yote. Kila Jumapili alileta hotpoti tatu, na kila Jumapili iliyofuata alizikuta zimeoshwa zinang'aa. Akamshukuru Mungu kwamba baba anakula. Hakujua kwamba mlinzi wa usiku wa mtaa ule alikuwa amelegeza mkanda tundu mbili.

Ndipo ulipokuja mkokoteni.

Mwanamke mmoja wa makamo kutoka Ethiopia aliuegesha kwenye kona, chini ya mwavuli mkubwa uliopauka. Juu yake palikuwa na sanduku la vioo, jiko la gesi na sufuria nne. Alikuwa na miezi michache tu tangu ahamie, na Kiswahili chake kilitosha kusalimia, kuhesabu na kutaja mboga. Alichouza hakuna aliyekuwa amekiona. Kilikuwa mkate mpana kama sinia, mwembamba, laini, wenye vitundu elfu upande mmoja, na juu yake mafungu ya dengu nyekundu zenye pilipili, kabichi na karoti, na mchuzi mzito wa unga wa dengu. Mkate wenyewe alisema unaitwa injera.

Mshona Suti, aliyekuwa na kibanda mkabala na Fundi Bobini na mdomo usiopumzika, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuukagua. Aliushika mkate ule kwa vidole viwili, akausugua kama anavyosugua kitambaa dukani, akatoa hukumu.

"Hii ni bitana ya koti," alisema. "Tena ile isiyochuja."

Mtaa mzima ukacheka, na kuanzia siku hiyo mkate ukawa bitana, na mwenye mkokoteni akawa Mama Bitana. Bei ya sahani ilikuwa sawa na soda mbili, na sahani moja ilishibisha watu wawili wasiooneana aibu. Kufikia wiki ya pili, mafundi walikuwa wanapanga foleni na tepu zao shingoni.

Fundi Bobini alivutwa mkono na Mshona Suti. Hakuwa na hamu. Alifika mbele ya sufuria akaomba awekewe kidogo sana. Mama Bitana alimtazama usoni, akatazama mifupa ya shingo iliyokuwa imechomoza juu ya kola, akainamisha kichwa kidogo.

"Ishi," alisema kwa upole.

Fundi Bobini alisimama na sahani mkononi kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. Msibani aliambiwa pole. Aliambiwa avumilie, aliambiwa ni kazi ya Mungu. Daktari alimwambia aongeze kilo. Lakini katika miezi yote ile hakuna aliyemwambia waziwazi kwamba aishi. Na huyu mgeni kasema bila kuulizwa, kama dada mkubwa anayemtuma mtu dukani.

Akakaa kwenye benchi, akakata kipande cha bitana, akachota dengu. Kilikuwa na uchachu ambao ulimi wake haukuujua, kisha pilipili ikaja nyuma polepole. Alisubiri koo lifunge kama kawaida. Halikufunga. Chakula kile hakikumkumbusha mtu yeyote. Mkewe hakuwahi kukipika, kwa hiyo hakuwamo ndani yake. Akala tonge la tatu, la nne, akaacha kuhesabu.

Kesho yake alirudi, na keshokutwa. Kila mara aliagiza, na kila mara aliambiwa neno lilelile. Aliona kwamba wengine nao wanaambiwa, akachukulia kuwa ni heshima ya watu wa kwao. Mshona Suti alidhani mama anafukuza nzi. Fundi Bobini hakumweleza. Lilikuwa neno la kubeba kimyakimya. Asubuhi akiamka na kitanda kimepwaya upande mmoja, alijiambia kwamba mchana kuna mtu atamwambia aishi, basi na avae viatu. Mwezi wa kwanza mizani ya duka la dawa ilisema hamsini. Katikati ya mwezi wa pili ikasema hamsini na mbili.

Mchana mmoja shule ilifungwa mapema, na binti yake akapita kumwona bila taarifa. Alimkuta kwenye benchi ameinamia sahani, vidole vimeiva rangi ya pilipili. Alisimama akimtazama mpaka baba mwenyewe akainua macho.

"Shikamoo baba. Kumbe unakula."

"Marahaba. Kaa, mama."

Hakukaa. "Hotpoti zangu unazimwaga?"

"Simwagi. Nampa mlinzi."

"Mlinzi," alisema binti. "Naamka saa kumi na moja napikia mlinzi."

Mafundi waliokuwa karibu wakapata ghafla mambo ya kutazama barabarani. Fundi Bobini alijifuta vidole kimoja kimoja. Alikuwa mtu wa kuongea na mashine zaidi kuliko watu, na hili lilimchukua muda.

"Chakula chako hakina kasoro, mwanangu. Hiyo ndiyo shida yake. Unapika kama mama yako, mpaka chumvi. Nikifungua ile hotpoti anatoka yeye, na mimi koo linafunga."

Binti alikaa. Kisha akapangusa macho, akainuka na kwenda kuagiza sahani yake ili naye aone hicho kilichoshinda mapishi ya mama yake. Mama Bitana akainamisha kichwa, akamwambia neno lake.

"Baba, mbona ananiambia niishi?"

"Ndivyo anavyotuambia," alijibu Fundi Bobini, na safari hii kulikuwa na fahari kidogo. "Anatuambia wote tuishi."

Lakini mwalimu ni mwalimu. Akamgeukia mwenye mkokoteni, akamuuliza kwa utaratibu ishi maana yake nini. Mama Bitana alitafuta maneno hewani, akayapata. Kwao, alieleza kwa vidole na Kiswahili cha kuokoteza, ukimwagiza mtu jambo naye akakubali, anasema ishi. Ni sawa. Ni haya, nimesikia. Binti akacheka, naye akaeleza kwa Kiswahili maana ya huku, akigusa kifua na kuvuta pumzi, mpaka mama yule akaelewa kwamba kwa karibu miezi miwili amekuwa akiwaamuru wateja wasife. Alifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Mshona Suti alijipiga paja kwa kicheko, na ile habari ya nzi ikatoka pia.

Fundi Bobini alicheka kwa meno tu. Kumbe lile neno lililokuwa likimtoa kitandani ni lile ambalo muuzaji anamjibu mtu aliyeagiza sukari.

Kesho yake alipoagiza, Mama Bitana alijikaza asikosee.

"Sawa," alisema, akitabasamu.

Dengu zilikuwa zilezile, bitana ileile. Tonge la tatu halikupita. Siku iliyofuata hivyohivyo. Siku ya tatu alisema ana kazi nyingi, akabaki kachumbani na chai. Ya nne na ya tano vilevile. Jumamosi mizani ya duka la dawa ilikuwa imerudi nyuma kwa kilo nzima, na miezi mitatu ya daktari ilikuwa imebakiwa na wiki nne.

Jumatatu mchana Mama Bitana alimwachia Mshona Suti mkokoteni, jambo ambalo lilimpandisha kichwa yule bwana hata akaanza kuwagombeza wateja. Mama mwenyewe akavuka barabara na sahani iliyofunikwa, akasimama kwenye mlango wa Fundi Bobini.

"Fundi. Chakula kibaya?"

"Chakula kizuri."

"Basi?"

Fundi Bobini alikuwa anafungua cherehani, skrubu zimetapakaa mbele yake. Mtu mwenye mvi kueleza jambo kama hili ni aibu. Alichukua bobini, akaizungusha katikati ya vidole.

"Lile neno lako. Umeliacha."

"Watu wanacheka."

"Waache wacheke. Mimi nilikuwa nalitii."

Neno kutii Mama Bitana hakulijua. Ikabidi Fundi Bobini amweleze, naye si mwalimu kama binti yake. Alieleza kwamba ni pale mkubwa anapokwambia fanya, nawe unafanya, hata kama huna nguvu. Mama Bitana alisikiliza mpaka mwisho. Macho yake yalipita kwenye stuli tupu kando ya meza, yakarudi kwake. Hakuuliza ni ya nani. Aliweka sahani juu ya meza ya oili, akanawa kwa maji ya chupa, akakata kipande cha bitana, akachota dengu na kabichi, akakunja vizuri, kisha akanyoosha mkono mpaka kwenye mdomo wa Fundi Bobini.

Baadaye ndipo alipojua kwamba kwao hiyo inaitwa gursha, kwamba mtu analishwa hivyo na anayemheshimu au kumpenda, na kulikataa tonge ni tusi. Siku ile hakujua lolote. Alifungua mdomo kama mtoto.

"Ishi, fundi," alisema Mama Bitana. Safari hii alilisema kwa Kiswahili.

Kutoka ng'ambo sauti ya Mshona Suti ikavuka barabara. "Jamani, yule analishwa kama bwana harusi, na sisi wenye hela tumesimama juani!"

Fundi Bobini alitafuna polepole, akameza, akavuta sahani karibu.

Binti naye hakukaa bure. Alienda kwa Mama Bitana Jumamosi mbili akafundishwa kupika dengu za kwao, na Jumapili hotpoti zikaja na kitu ambacho marehemu hakuwahi kukigusa. Dengu zilikuwa zimeungua chini na pilipili imezidi maradufu. Zilikuwa mbaya kweli. Baba alikula, akalia machozi ya pilipili, akaomba nyingine. Mlinzi, aliyekosa mgao wake, alilalamika kwa wiki nzima.

Siku ya mizani ilipofika, alipanda na koti. Mshale ukapita hamsini na nne. Nesi alimtazama kwa kumshuku, akamwambia atoe vilivyomo mifukoni. Zikatoka bobini tano, bisibisi, kopo dogo la oili na funguo za watu watatu. Hakuwa amekusudia, ndivyo alivyotembea maisha yake yote. Alipopanda tena ikawa hamsini na tatu na robo tatu. Daktari alitazama majibu ya damu kwa muda, akasema damu imepanda kuliko alivyotarajia, na kwamba hiyo robo iliyobaki ataidai baada ya upasuaji. Akaandika tarehe.

Asubuhi ya tarehe hiyo Fundi Bobini alilala wodini na gauni la kufungia mgongoni, binti yake kando. Alikuwa wa tatu kwenye orodha, na tangu jana jioni hakuruhusiwa kutia kitu mdomoni. Saa tatu likapita toroli la chakula cha wagonjwa wengine, mikate na mayai ya kuchemsha. Alilisindikiza kwa macho mpaka mwisho wa wodi. Tumbo lake likanguruma, mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka.

"Sista," aliita. "Mimi nitakula saa ngapi?"

"Mzee, kwanza upasuliwe."

"Hilo nimeelewa. Nauliza baada ya hapo."

Binti aliinuka haraka, akasimama dirishani akiwapa mgongo. Ulikuwa unakaribia mwaka wa pili tangu amsikie baba yake akiulizia chakula.

Nesi alisema mambo yakienda vizuri, labda jioni, uji mwepesi.

"Uji?" Fundi Bobini aliinua kichwa kutoka kwenye mto. "Sista, mimi nina njaa. Uji ni wa mtu asiye na meno."

Walipokuja kumsukuma kwa kitanda cha magurudumu, alikuwa bado anabishana nao habari ya uji, na sauti yake ilisikika mpaka mlango wa chumba cha upasuaji ulipofungwa.