Maji ya Mapambo

Harufu ya simenti mbichi hainipiti hivi hivi. Wengine wakiinusa wanaona nyumba inapanda, wanaona maendeleo, wanampongeza mwenye nyumba. Mimi namwona baba mdogo Sefu amechuchumaa mbele ya nyumba yake, huko kwetu upande wa Kang'ata, suruali ameikunja hadi magotini, mwiko mkononi, anapaka ukingo wa shimo huku amebana ulimi kwenye meno kama mtoto anayejifunza kuandika. Shimo lile aliliita bustani ya maji. Kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu, Handeni nzima watu wanaamka alfajiri kwenda kufukua mchanga wa makorongo wapate debe moja, na yeye, mtu mzima mwenye ndevu zake, katibu wa kijiji, anajenga kidimbwi cha kutazama! Nilikuwa na miaka tisa mwaka huo, na nasema bila kuona haya kwamba katika maisha yangu sijamdharau mtu kama nilivyokuja kumdharau yeye. Isipokuwa mmoja, na huyo nitamfikia.

Sefu alikuwa mdogo wake baba yangu. Baba alifariki nikiwa sijaota meno, kwa hiyo huyu ndiye aliyebaki mwanamume wa mji wetu, wa kutuamulia mambo mimi, mama yangu, na bibi, aliyemzaa yeye na marehemu. Kabla ya hapo alikaa Korogwe miaka mingi kwenye shamba la mkonge, na alipenda watu waamini kwamba huko alikuwa mkubwa. Mkubwa wa nini! Alikuwa akifagia bustani ya meneja. Meneja alikuwa na bwawa dogo la mawe mbele ya baraza lake, katikati ya mawe maji yanaruka juu na kurudi kutwa nzima, na kazi ya Sefu ilikuwa kuokota majani yaliyoangukia humo. Mashamba yalipochukuliwa na serikali na meneja akaenda zake, Sefu alirudi nyumbani na viatu vya kamba, redio isiyo na betri, na hadithi ya lile bwawa. Kwa kuwa alijua kusoma na kuandika, na alikuwa na sauti ya mkutanoni, haikuchukua muda akapewa ukatibu. Akawa anatueleza kila jioni kwamba uhuru si bendera tu, hata sisi tuna haki ya kuona maji yakiruka mbele ya nyumba zetu. Watu waliitikia, maana ukimpinga katibu jina lako linaandikwa.

Kijiji chenyewe kiliwekwa pale kwa sababu ya kisima. Ilipoamriwa watu watoke huko walikotawanyika wakae pamoja kijamaa, walioletwa kwetu waliletwa kwa kuwa bibi yangu na wenzake walikuwa wamechimba kisima kisichokauka, chini kwenye korongo la mchanga, mwendo mfupi tu kutoka nyumbani. Kisima cha mchangani si cha kuchimba ukaondoka. Kuta zake zinaporomoka. Lazima zishikwe kwa mawe, safu juu ya safu, bila simenti, kila jiwe likiegemea lingine. Na pale kwetu mawe hayo hayakuokotwa ovyo. Mwanamke akiolewa, safari yake ya kwanza kisimani alikwenda na jiwe alilotoka nalo kwao, akalipachika ukutani, ndipo akachota. Jiwe la bibi lilitoka Mnyuzi, kando ya mto, la rangi ya ugali wa muhogo. La mama lilitoka Lutindi, jeusi, lina mshipa mweupe katikati, na alilishusha milimani kwa miguu akiwa amelifunga kwenye kanga. Hata wale wa ujamaa walipoletwa, wanawake wao walikuja kila mmoja na jiwe kutoka kwenye mahame yake, na hakuna kiongozi aliyewaambia. Yalikuwa mawe mazuri, yamelainika kwa maji na kwa viganja vya watu. Niliyajua yote kwa majina ya wenyewe.

Sasa huyu bwana anataka mawe. Handeni mawe yamejaa, lakini yana ncha, yanachana mikono, na yeye alitaka laini kama yale ya meneja. Mgeni kutoka wilayani alikuwa aje kukagua kijiji, na Sefu alitaka akishuka kwenye gari tu akute maji yanaruka. Mama wakati huo alikuwa amekwenda Lutindi kumuuguza mama yake. Basi siku moja baba mdogo akaniwekea mkono begani, akaniita mwanangu, neno ambalo hakuwahi kunipa tangu nizaliwe, akaniuliza mawe gani ya kisimani ni mazuri na hayana kazi. Hayana kazi! Ningekuwa na akili ningemjibu kwamba hakuna hata moja. Lakini nilikuwa mtoto niliyekulia bila baba, na ule mkono ulikuwa bado uko begani. Nikampeleka. Nikashuka kisimani kwa miguu yangu mwenyewe, nikalichomoa jiwe la mama kwenye safu za chini, kwa kuwa nilitaka likae juu kabisa ya rundo lake, kila mtu alione. Mchanga ukamwagika kidogo kwenye lile tundu, kama unga kwenye mfuko uliotoboka. Baba mdogo akasema, "Hiyo si kitu." Akachomoa mengine, akijaza toroli.

Mtambo wenyewe ulikuwa wa aibu. Nyuma ya nyumba alisimamisha pipa juu ya magogo manne. Kutoka kwenye pipa akafukia mpira wa maji ardhini hadi katikati ya rundo la mawe, na kwenye mdomo wa mpira akafunga kopo la maziwa alilolitoboa kwa msumari. Simenti ilikuwa ile iliyobaki kwenye ujenzi wa ghala la kijiji. Eti ilibaki, na ghala lenyewe sakafu yake udongo mtupu! Pipa likijaa, ukifungua koki, maji yanaruka kimo cha kuku. Cha kuku, si zaidi. Na yanadumu muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai, kisha yanakohoa na kwisha. Mimi ndiye niliyekabidhiwa koki. Loo, nilivyovimba! Watoto wenzangu nilikuwa nawasemesha kwa kuwatazama juu ya vichwa.

Mama aliporudi aliliona jiwe lake kabla hajatua mzigo. Akauliza nani kalitoa, nikasema mimi, tena kwa majivuno. Hakunipiga. Alimwendea Sefu, akamwambia kwa adabu zote, "Shemeji, naomba jiwe langu lirudi kisimani kabla kuta hazijaanguka."

"Simenti imeshakauka, shemeji," akamjibu. "Na nyinyi wanawake punguzeni ushirikina. Jiwe ni jiwe."

Mama hakuwa ametaja ushirikina. Alikuwa ametaja kuta. Lakini Sefu alikuwa na tabia hiyo, ukimwambia jambo la maana anakujibu jambo jingine, halafu anatembea kifua mbele kana kwamba amekushinda.

Siku ya mgeni ilipofika, wanawake walitangaziwa tangu asubuhi kwamba kuchota maji ya bustani ni kazi ya kijiji, na atakayekosa ataitwa. Wakachota. Kisima kile kilizoea kuchotwa kwa kata, taratibu, kinaachwa kijae tena. Siku ile kilikombwa debe baada ya debe, la bwawa, la pipa, na la kumwagilia maua yaliyokwishakufa. Saa saba mchana mama alikuwa ameinama ndani na kata yake akasikia mchanga unaanza kuteremka kwenye yale matundu. Akaruka nje. Safu za juu zikafuata za chini, zikalala. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, lakini mahali pa kisima palibaki sahani ya mchanga na mawe machache yamechomoza. Wanawake waliketi kando wakaanza kufukua kwa mikono. Maji yote ya kijiji kile, ya kupikia, ya kunywa, ya watoto, yalikuwa sasa kwenye pipa la Sefu na kwenye kidimbwi chake, na mwenyewe yuko barazani ndani ya suti ya Kaunda, anatazama barabara.

Mgeni alichelewa. Alasiri ikaingia, na bibi akaja na kopo lake la kutawadhia, polepole, mkono mmoja kiunoni. Alipoinama tu kwenye ukingo, Sefu akaruka kutoka barazani.

"Mama! Hayo ni maji ya mapambo!"

Bibi akainua uso. "Maji ya nini?"

"Ya mapambo. Mgeni yuko njiani. Leo tayamamu tu, mama, mchanga umejaa tele."

"Maji yapo mbele yangu, Sefu," bibi akasema. "Nitatayamamu kwa lipi?"

Watu waliokuwa wanasubiri mgeni wakacheka chini chini, na kicheko kile kikamchoma. Akanigeukia mimi. "Mtoe bibi yako hapo." Na mimi, mwenye koki, niliyeitwa mwanangu, nikaenda nikamtoa bibi yangu kopo mkononi. Sikumpokonya. Nilifanya vibaya zaidi: nililivuta taratibu, kidole kimoja kimoja, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto mchanga kisu. Bibi hakushindana nami. Alinitazama tu kama anayejiuliza huyu ni mtoto wa nani. Nilisema yupo mmoja ninayemdharau kuliko Sefu. Ndiye huyo, amesimama pale na kopo la watu.

Mama akatokea kutoka korongoni, mchanga hadi viwikoni. Aliona yote. Akaniambia, "Mpe bibi yako kopo lake." Nikamtazama baba mdogo. Mama akanisubiri, nikaendelea kumtazama baba mdogo. Basi akalichukua mwenyewe, akalizamisha bwawani, akammwagia bibi mikononi, akarudia, usoni, hadi miguuni, mbele ya katibu na suti yake. Bibi alipomaliza, mwanamke mmoja akaja na ndoo. Kisha mwingine. Kisha wote. Walilikomba bwawa mpaka tope, wakahamia kwenye pipa. Sefu alizunguka akiwataja majina, akisema ataandika, ataandika. Kalamu alikuwa nayo mfukoni na hakuitoa.

Mgeni alifika jua likiwa limeinama. Akakuta shimo limezungushiwa mawe, tope chini, na kopo la maziwa limechungulia katikati. Akauliza, "Ndugu katibu, hili shimo la nini?" Sefu akajibu, "La taka, ndugu." Wallahi ndivyo alivyosema, na mama yake mzazi amesimama pale na nyayo mbichi. Mgeni akalizunguka, akalisifu sana. Hazikupita siku nyingi ikaja amri kwamba kila nyumba ichimbe shimo la taka kama la katibu, lenye mawe. Na mawe machache yaliyokuwa yamebaki korongoni yakaishia huko.

Mama alichukua mtaimbo akajaribu kulitoa jiwe lake kwenye simenti, likapasuka vipande viwili. Kisima kilifukuliwa mara tatu na mara tatu kikajifukia. Wanawake wakaanza kwenda mbali, mwendo wa saa mbili kwenda na kurudi, na bibi hakuwa na miguu ya safari hiyo. Mwanamke aliyewachimbia wenzake kisima, ambaye hakuwahi kumwomba mtu maji, alimaliza umri wake akingoja kuletewa kata moja ya kutawadhia. Mara nyingi nilimletea mimi. Alipokea kwa mikono miwili, akasema asante, kama unavyomshukuru mgeni. Sikumwomba radhi. Nilikuwa nangoja nipate maneno, na yeye akafa nikingali nangoja. Sefu alihamishiwa kijiji kingine, cheo kikubwa zaidi, na aliondoka na koki yake.

Sasa mimi ndiye bibi. Mwanangu amejenga Korogwe, nyumba nzuri, Mungu ampe heri, na mbele ya nyumba ameweka bwawa. Ndiyo, bwawa. Simba wa simenti anatapika maji kwa umeme, taa za rangi zinawaka chini, samaki wawili wekundu wamechoka kuzunguka. Mawe yamenunuliwa kwa magunia barabarani, nilimuuliza yametolewa wapi, akasema, "Yanauzwa tu, mama." Aliniomba hata ile nusu ya jiwe la Lutindi niliyoirithi, aiweke juu ya kichwa cha simba. Nilimjibu kwamba inazuia mlango wangu usijipige, ina kazi. Nitasema na la kweli: mlio wa maji yale naupenda. Sefu alikuwa mjinga, lakini kwenye mlio hakukosea, na hilo linaniudhi mpaka leo.

Sikukuu iliyopita tulikuwa tumeketi pale, wageni na soda zao, mwanangu anawaonyesha jinsi simba anavyobadili rangi. Akabisha hodi jirani, mama wa makamo, na ndoo tupu. Bomba la mtaa lilikuwa kavu siku ya tatu. Akaomba radhi kwa kutuingilia, akaomba ndoo moja tu, ya chooni. Mwanangu akacheka kwa upole, maana nilimlea vizuri, au nilidhani hivyo. Akasema, "Samahani sana mama, haya si ya kuchota. Ni ya kupendezesha tu." Yule mama akainamisha kichwa, akageuka kuondoka.

Nikainuka. Magoti yangu hayapendi kuinama siku hizi, ikabidi nimshike simba sikio. Nikaichukua ile ndoo mkononi mwa yule mama, nikaizamisha katikati ya samaki. "Mama," mwanangu akaanza, "mama, hayo ni..." Ndoo ikajaa. Siku hizi siwezi kuinyanyua peke yangu.

"Mwanangu," nikamwambia, "njoo ubebe."