Asubuhi ya Tet, Nje ya Mlango

Mwaka ule nilipanga chumba cha juu Deptford, katika nyumba ya mama mmoja wa Kivietnamu. Alikuwa mjane mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha, na chini alikaa na binti yake na mkwewe. Kiingereza chake kilikuwa cha kukatakata na changu hakikukizidi sana, lakini tulielewana, hasa jikoni.

Mimi nilikuwa na donda langu. Mama yangu alikuwa kitandani Unguja, hali si hali, na pasipoti yangu ilikuwa Croydon, kwenye jengo la uhamiaji, nikingoja kuongezewa muda wa kukaa. Sikuwa na njia ya kusafiri. Nililala na hilo na kuamka nalo. Kaka yangu akaniletea salamu kwa mtu kwamba Jumanne, saa tatu asubuhi ya London, angenipigia simu kutoka kwa jirani yetu, anipe habari za mama.

Jumanne hiyo ndiyo ikaangukia Tet, mwaka mpya wa kwao.

Wiki nzima nyumba ilifagiliwa mpaka nyuma ya makabati, maana siku ya kwanza fagio haliguswi, utaifagia bahati nje. Mama mwenye nyumba alichemsha mikate ya mchele wa kunata iliyofungwa majani, minene kama matofali. Miwili alinitengea mimi, ya choroko tupu bila nguruwe, akaifunga uzi mwekundu nisije nikakosea. Nilimpenda kwa uzi ule.

Lakini jioni ya kuamkia sikukuu, najiandaa kwenda zamu yangu ya kusafisha hospitali, alinisimamisha ukumbini.

"Kesho ukirudi, usiingie kwanza."

Akanieleza. Mtu wa kwanza kukanyaga ndani siku ile ndiye anayeuleta mwaka mzima, kwa hiyo huchaguliwa: awe na afya, awe na watoto, asiwe mjane, asiwe na msiba wala mgonjwa mahututi. Mwaka uliopita walizubaa, akatangulia msoma mita ya gesi, na mwaka huohuo mimba ya binti yake ikatoka, ya pili. Sasa binti alikuwa na ya tatu, na tumbo limeanza kuonekana. Safari hii wamemwita shemeji yake mama huyu, mwenye duka na wana wanne, atafika saa mbili.

"Wewe mama mgonjwa," alisema. "Samahani."

Nilikasirika, sikufichi. Yaani nalipa kodi halafu naambiwa mimi nuksi. Nikataka kumjibu, nikalitazama tumbo la yule binti aliyekuwa anapanga machungwa, nikavaa koti langu. Tena saa mbili ni kabla ya saa tatu. Simu ningeiwahi.

Asubuhi nilirudi, baridi inakata masikio. Mama mwenye nyumba alikuwa dirishani, kavaa gauni lao refu jekundu. Akatikisa kichwa. Shemeji hajafika, treni zimechelewa. Nikakaa kwenye ngazi ya mlangoni, ufunguo wangu mfukoni, mbele ya mlango ninaoufungua kila siku. Saa mbili ikapita, tatu ikakaribia, na barabarani hakuna shemeji wala kivuli chake. Nilimtukana kimoyomoyo, na treni zake, na wanawe wote wanne.

Simu ikalia.

Ilikuwa sebuleni, juu ya meza, karibu na dirisha. Niliruka, nikawa nimeshautia ufunguo tunduni. Na kupitia kioo nikamwona binti amesimama, mikono yote miwili juu ya tumbo, ananitazama. Sijui ningefanya nini. Namshukuru Mungu sikuachiwa nijue, maana dirisha lilipandishwa kwa kishindo na mkono wa mama mwenye nyumba ukatoka na mkono wa simu, waya umenyooka mpaka mwisho. Nikainama juu ya vyungu vya maua, nikaweka sikio.

"Dada," kaka yangu alisema. "Mama hatunaye tena. Alfajiri ya leo."

Nikamwambia wanisubiri. Nilisema hivyo kweli, kama mtu aliye Mkunazini, mtaa wa jirani tu, anayechelewa kidogo.

"Hatuwezi, dada. Tunamzika baada ya laasiri."

Kisha laini ikakatika. Nikaurudisha ule mkono wa simu dirishani. Mama mwenye nyumba alinitazama usoni, na sikuhitaji kumtafsiria. Akashusha dirisha taratibu. Nikasema, basi, sasa ndiyo nimekuwa nuksi kamili, mlango huu sitafunguliwa tena.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka, na viatu vyake vya ndani, akaufunga nyuma yake.

"Wewe huwezi kurudi ndani," nilimwambia. Mjane naye hakufaa kutangulia, alishaniambia mwenyewe.

"Ndiyo," alisema. Akakaa kwenye ngazi, akanivuta nikakaa. "Lia sasa. Ndani leo hakuna kulia. Na binti yangu asijue mpaka kesho. Tafadhali."

Nikalia. Kwetu wanawake wangekuwa wamejaa tayari, mikeka imetandikwa, mmoja anasoma, mwingine anachemsha chai. Mimi nilikuwa na mtu mmoja, anatetemeka kwa baridi ndani ya hariri, asiyejua hata mama yangu alikuwa nani. Alinishika mkono mpaka shemeji alipotokea kwenye kona na kapu lake, anahema, anaomba radhi.

Aliingia yeye kwanza, binti akamchekea kwa furaha. Mama mwenye nyumba akanifuta uso kwa mkono wa gauni lake jipya, kisha tukaingia sisi.

Walinikalisha mezani. Nilifungua mkate wangu wenye uzi mwekundu, nikala, na walipocheka nikacheka nao. Macho yangu yalikuwa kwenye saa ya ukutani. London ilikuwa mchana, Unguja laasiri imeshaswaliwa. Nikajua sasa wanambeba. Binti akaniuliza habari za mama.

"Amepumzika," nikasema, na mama yake akanijazia chai.