Mlima Wenye Wivu

Siku yangu ya kwanza kazini, Newala, niliingia darasani na tamathali za semi zote kichwani, yaani yale maneno yanayopamba usemi. Nikaandika ubaoni: tashihisi ni kukipa kitu kisicho mtu tabia za mtu. Mfano: mawimbi yanacheka. Nikaomba mfano mwingine, wakanirudishia mawimbi yale yale. Jamani, watoto wale hata maji ya kunywa waliyafuata bondeni, mawimbi wangeyaona wapi? Lakini mfano niliotoka nao chuoni ndio huo, na mimi mwenyewe, mtoto wa Chiwata, bahari nilikuwa naisikia tu.

Basi wakakariri kama kasuku. Nami nilikuwa bado kwenye majaribio: Mkaguzi akikuta darasa bubu, sithibitishwi, narudi nyumbani kulima mihogo. Na baba alikwisha kutamba kijiji kizima kwamba bintiye ni mwalimu! Niliogopa sana.

Mkuu wa Shule, mzee mpole ambaye kikohozi chake kilifika kabla yake, alinisikiliza akiwa dirishani. Hakunigombeza.

"Mwalimu," aliniambia, "Jumamosi chukua ndoo, ushuke kisimani na kina mama. Usimfundishe mtu. Sikiliza tu."

Nikashuka. Kushuka si kazi, kazi kupanda. Mama mmoja aliongoza wimbo, wengine wakaitikia maneno yale yale kila ubeti ulipokwisha. Kumbe kibwagizo ndicho kilichowapa nguvu ya kupanda. Nilipoomba tupumzike, Mama Somoe, aliyekuwa mbele yangu, alinicheka. Akasema mlima huu una wivu, haupendi mtu afike na pumzi zake.

Jumatatu nikafuta mawimbi ubaoni. Nikawauliza nyumbani kwao wanausemaje mlima, mvua, mikorosho. Wee, darasa lilichachamaa! Mikorosho imenuna, mvua imepita bila kubisha hodi. Nikawaambia tashihisi ndiyo hiyo, mnayo siku zote, mimi nimewaletea jina lake tu.

Mkaguzi alipokuja hakutaka maana, alitaka mfano. Akamnyooshea kidole Somoe, binti wa yule mama wa kisimani, mtoto asiyesema mpaka aombwe. Somoe akainuka taratibu, akasema mlima wetu una wivu, haupendi mtu afike na pumzi zake. Mkaguzi alicheka mpaka akavua miwani. Nikathibitishwa.

Tangu hapo nimefundisha Mkunya, nikamalizia Masasi mjini. Nimeeleza vina, zile sauti zinazofanana katika mishororo, na mizani, ile hesabu ya silabi. Kila shule nilianza kwa kusikiliza watu wanavyosema kwao.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, Mkuu wangu yule alikuja na mkongojo wake. Nikapewa kipaza sauti nimshukuru. Mimi, mwenye tamathali za kugawa! Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba.

"Ahsante, Mkuu," nikasema.

"Mwalimu, mbona hiyo haina tamathali hata moja?"

"Ndiyo, Mkuu. Hii nimekuletea bila pambo."

Akanishika mkono, akakohoa kile kikohozi chake cha zamani.