Soda chukua utakavyo, maharage pakiti mbili tu

Ni Ijumaa asubuhi, na shata ya supamaketi ya bei nafuu bado haijapandishwa. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, aproni juu ya gauni, anasukuma troli mbele na nyuma kujaribu magurudumu yake. Hairidhiki. Anairudisha na kuchukua nyingine.

"Ile inavuta kushoto," anasema. "Ukiipakia kabichi sita, utajikuta kwenye biskuti bila kupenda."

Wote wanamwita Shangazi. Ndivyo wanavyomwita watoto thelathini na wanane wa kituo cha malezi anakopika, na ndivyo wanavyomwita mama zao, washonaji wa kiwanda cha nguo kilicho ng'ambo ya barabara. Chakula cha wiki nzima cha watoto hao hununuliwa na mikono yake, siku hii, katika duka hili.

Shata inapanda na watu wanaingia kwa kusukumana kidogo. Kinachowapokea ni soda. Katoni zimepangwa hadi kimo cha kifua, na juu yake bango jekundu: nunua tatu, ya nne bure. Zinafuata biskuti, kisha tambi za kuloweka kwa maji ya moto, kisha juisi ambayo ukisoma pakiti yake utaona tunda lenyewe halikukaribia kiwanda. Shangazi anapita bila kugeuza shingo.

Maharage yako mwisho kabisa wa duka, rafu ya chini, nyuma ya ndoo za sabuni. Ili uyaone lazima upige magoti, na Shangazi anapiga magoti, mkono mmoja umeshika kiuno. Bei ni nzuri kweli. Madukani mtaani pakiti hiyohiyo ya kilo moja inauzwa karibu mara mbili. Lakini chini ya bei kuna maneno mengine: kila mteja pakiti mbili tu.

"Umesoma, mwanangu?" anamuuliza mwandishi wa makala haya. "Sasa rudi pale mlangoni, uniangalizie kama soda nayo imeandikwa hivyo."

Mwandishi anarudi na kuangalia kila upande wa mlima ule. Haijaandikwa.

Kuanzia hapo ununuzi unakwenda haraka, kwa sababu Shangazi anajua alipo. Mchele anauchukua ule wa mfuko mweupe usio na picha. "Huu mwingine una familia inacheka. Ukiununua unawalipa na wao kwa kucheka." Karoti anachagua zilizopinda, ambazo ni za bei ya chini na hazina kosa lolote isipokuwa umbo. Njegere anazitoa kwenye friji ya barafu. Mfuko mkubwa wa maziwa ya unga anauacha, kwa kuwa leo kilo moja ndani yake ni ghali kuliko kilo ya mifuko midogo. "Wanajua tukiona kikubwa tunadhani ni nafuu," anasema, na hasemi kwa sauti ya chini. Anatupa jicho kwa mlinzi, ambaye tangu troli ilipoingia amekuwa akimfuata hatua kumi nyuma.

Ndiyo, mpishi wa watoto analindwa. Sababu itaelezwa.

Kwa miaka mingi Shangazi alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda kile kile cha nguo. Siku moja kantini ilifungwa, na mahali palipokuwa na jiko pakawekwa mashine ya kuuza soda na krispi za viazi. Alihamia kituo cha watoto kwa mshahara ambao theluthi yake inakwenda kwenye kodi ya chumba anachoishi na binti yake na mjukuu wa miaka mitatu.

Mjukuu huyo ndiye aliyemfumbua macho. Binti yake, akiwahi zamu, alikuwa akimnunulia mtoto biskuti na chupa ndogo ya soda, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa na ofa na mtoto alikuwa halii. Alikuwa halii kwa sababu muda mwingi alikuwa amelala.

"Nesi akaniambia mtoto hana damu," anasema Shangazi. "Mimi, mpishi, mjukuu wangu hana damu. Nilikosa pa kuweka uso wangu."

Akaanza na huyo mmoja, akaendelea na wote. Maharage, mayai, mboga za majani, karoti. Leo mjukuu anakimbia uani mpaka anakemewa. Lakini sufuria ya watoto thelathini na wanane inameza pakiti kumi na mbili za maharage kwa wiki, na mteja mmoja anaruhusiwa mbili.

Kwa hiyo Shangazi alitafuta njia, na njia yenyewe ilikuwa foleni. Alikuwa akiwasogelea wenzake waliosimama kulipa na kusema, "Dada, naomba mkono." Kila anayemjua alielewa. Alimpa pesa ya pakiti mbili, dada akazilipia pamoja na vitu vyake, wakakutana nje. Watu watano na yeye wa sita, sufuria imepona. Hakuna aliyedhulumiwa. Kila pakiti ililipiwa pale pale, mbele ya mashine yao.

Wiki mbili zilizopita mambo yaliharibika, na yaliharibiwa na yai.

Shangazi hawezi kusaidiwa na mtu kisha amwache aende mikono mitupu. Ndivyo alivyolelewa. Kwa hiyo kila Ijumaa hubeba mayai ya kuchemsha, aliyoyanunua kwa pesa yake, na kila aliyempa mkono humpa yai. Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha. Badala ya kukutana nje kama kawaida, walikutana ndani ya mlango, chini ya kamera. Mlinzi akaona mwanamke anapokea pakiti kwa watu mbalimbali, anaingiza mkono kwenye mfuko, anatoa kitu na kuwapa. Akaamua hayo ni malipo.

"Akanishika hapa," anasema Shangazi, akionyesha juu ya kiwiko. "Akaniita mlanguzi, mlanguzi, watu wote wakageuka. Nikapelekwa ofisini. Mayai yangu mawili yaliyobaki yakawekwa mezani kama bangi. Meneja ananiuliza, mama, haya ni nini? Nikamwambia ni mayai. Akarudia, nakuuliza haya ni nini? Nikamwambia, baba, menya utaona."

Anacheka, kisha anaacha kucheka ghafla. Pakiti zilirudishwa rafuni, pesa akarudishiwa. Neno mlanguzi halikurudishwa. Aliambiwa akionekana tena akiomba mkono, hataingia dukani humo milele.

Meneja ni kijana nadhifu mwenye tai, na anakubali kuzungumza bila kinyongo. Pakiti mbili, anasema, ni kwa ajili ya kuzuia walanguzi. Mwandishi anamuuliza kama soda haina walanguzi.

"Soda ni kitu kingine," anajibu. "Maharage kwa bei ile sisi hatupati kitu. Yamewekwa ili watu waingie. Wakishaingia, wanachukua na vingine."

Na mpishi mwenye watoto thelathini na wanane afanyeje?

Meneja anafungua viganja vyake. "Si na yeye achukue vingine?"

Anasema hivyo bila kupepesa macho, na hapo ndipo mtu aliyekuja na kalamu na subira yake anahisi subira inamtoka. Vingine ni soda. Vingine ni biskuti. Duka linajitangazia kwamba linamjali mtu wa kipato cha chini, linamwita kwa chakula kizuri, kisha likishamwingiza ndani linamfichia chakula hicho nyuma ya sabuni, linamhesabia, na likimwona anakitaka sana linamwita mlanguzi. Huu si uchumi. Ni dharau, na imebandikwa bei.

Leo Shangazi analipia pakiti zake mbili. Mlinzi anazihesabu, ingawa mbili hazihitaji kuhesabiwa. Nyuma yake kijana mmoja anapitisha katoni nane za soda, na keshia anamsaidia kuzipakia.

Kituoni anasubiriwa na mwenye kituo, mwalimu mstaafu ambaye wote wanamwita Mwalimu. Si mtu mbaya. Karo zinachelewa, na kwa wiki mbili ameona maharage yakiongezwa maji mpaka yanaogelea.

"Shangazi, watoto hawa nawapenda kama wewe," anamwambia jikoni. "Lakini pesa ni hii hii. Tambi zina ofa, juisi ina ofa. Kama Jumatatu hakuna maharage ya kutosha, tunapika tambi."

"Tambi na nini, Mwalimu?"

"Tambi."

Shangazi anazipanga pakiti mbili juu ya kabati, anaosha mikono, anaanza kumenya karoti. Anamenya kwa hasira, maganda yanaruka hadi dirishani. Ofa ya maharage inakwisha Jumapili. Akikosa, wale watoto watarudishwa kwenye usingizi ule ule aliomtoa mjukuu wake, na atakayewapakulia ni yeye mwenyewe.

Jioni washonaji wanakuja kuchukua watoto, nyuzi zimewaganda kwenye sketi. Shangazi anasimama getini na kuwazuia wasiondoke. Anawaambia yote, hata la yai. Mama mmoja anafungua pochi yake.

"Funga, dada. Sitaki mchango," anasema Shangazi. "Pesa ya maharage ipo, Mwalimu ameshanipa, na ya wiki zilizopita bado ninayo. Nataka miguu yenu. Kesho mkitoka zamu, kila mmoja aingie kama mteja, achukue pakiti zake mbili, atoke."

Mpango wake ni mkubwa kuliko Jumamosi moja. Wakienda watu ishirini, kutakuwa na maharage ya wiki tatu na zaidi. Ndani ya wiki hizo anataka wazazi waungane kununua gunia zima kwa muuzaji wa jumla, wamkodi mwenye mkokoteni, wasipige tena magoti nyuma ya ndoo za sabuni. Anaulizwa na mwandishi kama haogopi kufungiwa mlango.

"Mimi sitaingia," anasema. "Nitakaa nje kwenye ukingo wa barabara. Na mara hii sibebi hata yai."

Wanawake wanacheka. Mmoja aliyemfunga mtoto mgongoni ndiye anayeuliza kinachowasumbua wengine.

"Na wakitufukuza sote, Shangazi?"

"Watufukuze. Wabaki na soda zao, tuone watamuuzia nani."