Mkwe, Mashine Inasemaje?

Mwekezaji aliponunua kiwanda chetu cha mbegu za maharage, tuliambiwa kwamba atakayeiweza kompyuta atabaki, na asiyeiweza atashukuriwa. Kushukuriwa maana yake ni kufukuzwa kwa adabu. Mimi sikuwa na hofu kubwa, nilikuwa maabara na nimezoea vyombo. Niliyemwogopea ni mwendesha mashine ya kukaushia, mzee aliyeanza kazi pale kiwanda kikiwa bado cha umma, na ambaye binti yake wa mwisho alikuwa bado sekondari. Mzee huyo alikuwa baba mkwe wangu.

Asiyejua taratibu za nyumbani kwake, kijijini Akheri, ataona nakuza mambo. Mimi ni Mchaga, nimekulia katika nyumba ya wasemaji, na nilipoolewa Umeruni nilifundishwa kuishi upya. Kikombe cha chai sikumpa mkononi. Nilikiweka mezani nikageuka. Benchi alilokalia sikulikalia. Akisema jambo, hata kama ameligeuza juu chini, mkwe huitikia "ndiyo, baba" na kwenda kucheka jikoni. Miaka ile nilicheka sana jikoni.

Sasa mwalimu wa kompyuta, kijana aliyeletwa kutoka Dar es Salaam, akatupanga wawili wawili kwa sababu kompyuta zilikuwa chache. Wa kukaushia na wa maabara, mashine moja. Nikabaki nimesimama nyuma ya kiti cha mzee.

"Dada, kaa bwana, kiti hakiumi," kijana akasema.

Nikakaa. Katikati yetu nikaweka kiti cha tatu, na juu yake mkoba wangu. Mzee aliutazama ule mkoba akashusha pumzi, nadhani kwa shukrani.

Programu yenyewe ilikuwa ya kuchora. Huandiki sana, unaweka vipicha kwenye skrini, hiki kipimajoto, hiki kichomeo, unaviunganisha kwa nyaya za rangi kama fundi umeme. Mzee aliipenda papo hapo. Taabu ilikuwa kwenye kisanduku kimoja cha katikati, cha fomula, ambamo hesabu huandikwa kwa maneno na alama. Humo ndani sheria zilikuwa nyingi kuliko za bweni la masista. Kila mstari uishe kwa nukta mkato. Kuzidisha ni kwa nyota, si kwa ile alama ya shuleni. Kila jina utakalolitumia liwe na mlango wake kwenye ukuta wa kisanduku, waya uingie hapo. Jina lisilo na mlango halitambuliki. Na herufi kubwa na ndogo ni watu wawili tofauti. Ukivunja sheria moja tu, mshale wa kuwashia ulioko juu ya skrini unavunjika vipande, na hakuna kinachokwenda.

Mzee aliandika Joto kwa herufi kubwa juu, chini akaandika joto kwa ndogo. Mshale ukavunjika. Kosa nililiona mara moja, lakini kumwambia baba mkwe "umekosea" ni jambo ambalo mdomo wangu haukulijua.

"Baba," nikasema nikitazama kibodi, "mashine inalalamika kidogo pale chini."

"Inasemaje?"

"Inasema hilo joto la herufi ndogo hailijui."

"Joto ndilo lililonisomeshea watoto," akanung'unika, "leo niliandike kwa herufi ndogo?" Akayafanya yote mawili kuwa makubwa, na mshale ukapona.

Tukaendelea hivyo siku zote za mafunzo. Yeye anauliza, "Mkwe, mashine inasemaje?" na mimi naisemea mashine. Ilikuwa haina adabu hata kidogo. Ilimkatalia mzee mbele ya watu, tena na tena, na hakuna aliyeona kwamba amevunjiwa heshima. Nilianza kuionea wivu.

Siku ya mwisho mwalimu alitangaza kwamba fomula yetu ingewekwa kesho yake kwenye mashine ya kukaushia yenyewe, maharage yakiwa ndani na bosi mpya akitazama. Yakikauka, mzee amebaki. Yakiharibika, ameshukuriwa.

Mashine ile ina vipimajoto viwili, cha juu na cha chini, na fomula ilitakiwa itafute wastani. Mzee aliandika polepole kwa kidole kimoja: joto la juu, jumlisha, joto la chini, gawanya kwa mbili, nukta mkato. Mshale ukatulia, mzima.

"Mkwe, mashine inasemaje?"

"Haisemi kitu, baba."

"Basi tumemaliza." Akainua mkono kumwita mwalimu.

Mimi nilikuwa nimeshaona. Hakuweka mabano. Mashine hugawanya kwanza ndipo ijumlishe, kwa hiyo ingekata nusu ya joto la chini peke yake na kuiongeza kwenye la juu lote. Hesabu ilikuwa ya uongo, ila imefuata adabu zote, na mashine hujali adabu tu. Kesho ingedhani kuna joto kali, ingezima kichomeo, na maharage yangebaki na unyevu mpaka yaote ukungu. Niliutazama ule mshale nikiuomba uvunjike. Haukuvunjika. Hapo hapo nikawakasirikia wote walionifundisha kuitikia "ndiyo, baba".

"Baba, ngoja. Hapo si sawa."

Mkono wake ulibaki hewani. "Anayesema ni nani? Wewe au mashine?"

"Ni mimi, baba. Umekosea."

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Hakunitazama. "Nionyeshe," akasema.

"Tia arobaini juu, na arobaini chini."

Akatia. Wastani ukatoka sitini. Mtu aliyekaa na moto ule tangu ujana wake hakuhitaji maelezo zaidi.

"Kichomeo kingezima," akasema taratibu. Kisha alifanya jambo ambalo mume wangu alikataa kuliamini nilipomsimulia: aliuchukua mkoba wangu kwa mkono wake mwenyewe, akauweka sakafuni, akakivuta kando kile kiti cha katikati. "Sogea, mama. Huko huoni vizuri. Mabano nayafungulia wapi?"

Maharage yalikauka. Niliyaotesha mwenyewe maabara, yakachipua vizuri, na mzee akabaki kazini mpaka umri wake wa kustaafu ulipofika.

Krismasi iliyofuata baada ya kustaafu kwake, aliwaita wanawe sebuleni kule Akheri kuwagawia shamba. Sisi wakwe tulikuwa jikoni kama kawaida. Nilimsikia akitaja nani apate upande gani, na nikasubiri nisikie jina la yule binti wa mwisho. Halikutajwa. Alipomaliza akauliza kama kuna mwenye neno.

"Wote mmenyamaza kama ile mashine siku ya mabano," mzee akasema. "Mwiteni mkwe wangu wa maabara."

Nikaenda na unga mikononi. Kiti kilikuwa kimeshawekwa, karibu na chake.